Seti ya tangi la lita 60 kwa tiger barb: kioo kizuri, maelekezo mabovu

Seti za kuanzia za lita 60 huja na tangi la sm 60 kwa 30 kwa 36, chujio la kuning'iniza, hita ya wati 50, mfuniko wenye taa, chupa ya kuondoa klorini na kopo la chakula. Wengi huzinunua kwa ajili ya tiger barb, Puntigrus tetrazona, samaki mkorofi mwenye milia minne myeusi. Je, zinawafaa? Kwa samaki wanane zinafaa, kwa kubanana kidogo, mradi ile karatasi ya maelekezo usiifuate.

Ukitandaza kilo 8 za changarawe na kuacha sm 4 juu, maji halisi yanabaki lita 50 na ushei. Samaki hawa hufika sm 6 au 7 na hawatulii, kwa hiyo tangi la sm 80 lingewapendeza zaidi. Ila kosa kubwa ni kudhani kwamba tangi dogo linataka samaki wachache. Wakiwa watatu au wanne, mbabe mmoja humwandama mnyonge yuleyule mchana kutwa mpaka mkia wake unabaki matambara. Wakiwa wanane, ugomvi unagawanyika na hakuna anayebeba kipigo chote. Usiwachanganye na betta, gurami wala samaki malaika: mapezi marefu huwa chakula. Kwa ujazo huu, usiwachanganye na yeyote.

Sasa karatasi. Inasema samaki waingie baada ya saa 24. Saa 24 zinatosha kupasha maji moto, basi. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati isiyo kali hivyo, huchukua kati ya wiki tatu na sita kujijenga. Washa chujio na hita, ondoa klorini, kisha tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi ifike mg 2 kwa lita, na uirudishie kila inaposhuka. Tangi liko tayari pale dozi hiyo inapoisha ndani ya siku moja na nitriti nayo ikisoma sifuri. Badilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati, kisha ingiza wote wanane kwa pamoja. Ushauri wa kuongeza wawili wawili hauwafai samaki wa namna hii, kwa sababu waliotangulia wameshagawana pembe na mgeni hupokewa kwa meno. Kipimo cha matone cha kupimia amonia na nitriti hakimo kwenye boksi, na huo ndio upungufu wake mkubwa kuliko wote. Samaki wakishaingia, amonia au nitriti ikizidi mg 0.25 kwa lita, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo.

Pampu ya chujio ni nzuri. Tatizo ni mfuko wake wa kaboni, ambao karatasi inataka utupwe kila wiki nne. Humo ndimo bakteria wanamokaa! Kata kipande cha sponji, kishindilie nyuma ya mfuko, na chujio likipungua nguvu kikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Usikioshe kwa maji ya bomba yenye klorini.

Chakula cha kwenye kopo ni maganda membamba yanayoelea. Samaki hawa huyavamia juu ya maji, mbabe anameza rundo, wanyonge wanapata makombo, na mabaki yanavutwa na chujio kwenda kuoza. Punje za mm 1 zinazozama polepole ni bora mara dufu. Anza na punje tano kwa kila samaki, mara mbili kwa siku, ukizigawa kwa mikupuo mitatu na kuzitupa ncha zote mbili za tangi ili mbabe asilinde upande mmoja. Baada ya dakika mbili kusibaki kitu. Usiwahurumie wakija mbio kwenye kioo, maana hata walioshiba hufanya hivyo, na wakivimbiwa matumbo hufura. Siku moja kwa wiki wafunge. Mara mbili kwa wiki wape dafnia au artemia (vijikamba vidogo sana vya majini) wa kugandishwa: nusu ya mchemraba mmoja inawatosha wanane, uiyeyushe kwenye kikombe na kumwaga yale maji. Pezi likianza kuchanika katika kundi la wanane, kupunguza chakula hakusaidii; ongeza mimea na vizuizi vya kukatiza macho.

Hita inatosha kushikilia nyuzi 25, lakini kipimajoto cha kubandika husoma joto la kioo zaidi kuliko la maji. Nunua cha kutumbukiza. Taa iwake kwa muda wa saa saba au nane tu kwa siku, la sivyo mwani utafunika kila kitu. Kila wiki toa lita 13, rudisha maji ya joto lilelile yaliyoondolewa klorini.

Mfuniko una pengo la vidole vitatu pale chujio linapopita, na samaki anayefukuzwa huruka. Lizibe kwa kipande cha wavu wa plastiki kabla hawajaingia.