Uzoefu wangu na bunduki ya baiopsi ya titi (kuchukua kipande cha nyama cha kupimwa), sindano ya unene wa geji 14, chini ya altrasaundi

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa uvimbe unaoonekana kwenye altrasaundi, sijaona kinachoishinda. Sindano nyembamba ya kufyonza hutoa seli tu, na seli peke yake haziwezi kusema kama saratani imeshatoka nje ya mrija wa maziwa au bado imo ndani. Bunduki hii hutoa kinyama chembamba kama kipande cha tambi, karibu sentimita 2, kinachotosha hata kupima vipokezi vya homoni na HER2, yaani alama za seli za saratani zinazosaidia kuchagua dawa.

Sindano ya ndani ina kijibonde. Ukibonyeza kitufe, inaruka mbele, kisha ala ya nje inaifuata na kukata nyama iliyoingia kijibondeni. Mruko ni milimita 22, au 15 kwa zile zenye chaguo. Hapo ndipo wageni wa kifaa hiki hukosea: ncha unayoiona kabla ya kufyatua sipo itakapoishia. Sindano ilazwe sambamba na ukuta wa kifua. Ukiiinamisha kama unachoma msumari, mbele yako kuna pafu. Kwa tezi za kwapani, karibu na mishipa mikubwa, mimi hutumia mruko mfupi.

Ganzi ni lidokeini asilimia 1, kwanza kwenye ngozi, halafu njia nzima hadi pembeni mwa uvimbe. Toa hewa yote kwenye bomba la sindano. Kiputo kimoja tu hufunika uvimbe kwa kivuli, na utakaa hapo unatafuta kitu ulichokuwa unakiona sasa hivi. Baada ya hapo, chana ngozi milimita 2 au 3 kwa kisu namba 11. Ukiona shina la sindano bila ncha, umetoka nje ya mstari wa probu, kile kifaa cha altrasaundi kinachoshikwa juu ya titi. Sogeza probu, sindano iache ilipo.

Mlio wake ni kama wa stepla kubwa. Fyatua mara moja hewani mgonjwa ausikie mapema, maana akishtuka, titi linasogea na shabaha inapotea.

Chukua vinyama 4 au 5, na piga picha sindano ikiwa imepita ndani ya uvimbe. Kinyama kinachozama kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kinatia moyo. Kinachoelea mara nyingi ni mafuta. Fomalini iwe ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama, na vinyama viingie humo mara moja. Visikae humo chini ya saa 6 wala kupita saa 72, la sivyo majibu ya vipokezi hayaaminiki. Sampuli ya Ijumaa jioni inayosubiri gari la Jumanne ni hasara tupu.

Mwisho bana palipochomwa kwa mkono dakika 10 kamili, ukitazama saa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulizwe kabla, siyo damu ikishavilia.

Nyota niliyoipunguza ni ya chembe ndogo za chokaa: nyingi hazionekani kwa altrasaundi. Hizo zinataka mashine ya mamografia (eksirei ya titi) na sindano nene ya kuvuta kwa vakyumu, kisha vinyama vyenyewe vipigwe eksirei kuthibitisha kuwa chokaa imo. Na picha ikionyesha dalili zote za saratani huku maabara ikijibu hakuna kitu, baiopsi hurudiwa.