Mikono ya gia ya Shimano Deore XT (SL-M732) kwa baiskeli ya mlima ya zamani

Kwa mnaofufua baiskeli za mlima za mtumba: kabla hujafikiria rangi, tafuta hii mikono ya gia. Inakaa juu ya usukani, unaisukuma kwa kidole gumba, na sijashika mingine iliyotulia hivi.

Baiskeli yangu ni Rockhopper ya chuma, baiskeli ya mlima ya kampuni ya Specialized, ilifika Moshi imevalishwa vifaa vya kila zama. Mwaka wake niliusoma kwenye krenki, ule mkono unaoshika pedali. Shimano walikuwa wakigonga herufi mbili kwa nyuma: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, ya pili ni mwezi. Yangu ina OC, yaani Machi 1990. Kuanzia hapo kila nilichokitafuta kilipaswa kuwa cha miaka hiyo: gia saba nyuma, na breki za kantileva (zinazovutwa na waya wa katikati juu ya tairi), kwa sababu V-breki za Shimano, zile za mikono mirefu, zilikuja 1996.

Mikono niliiagiza Uingereza ikiwa imeshatumika, na pesa niliyotoa ingeninunulia baiskeli nyingine ya mtumba hapa hapa mjini. Siijutii. Niliiosha kwa mafuta ya taa, nikatia grisi nyepesi kidogo, ikalainika.

Mkono wa kulia kila gia inaingia kwa mlio mmoja mkavu. Lakini uzuri wake hasa uko kwenye kipete chake: ukikizungusha, milio inakatika, mkono unasogea huru, nawe unaitafuta gia kwa kusikiliza cheni. Kwa mazingira yetu hilo ni jambo kubwa mno. Friwili utakayoikuta dukani huenda nafasi za meno yake hazilingani na za Shimano. Waya wa bei rahisi unalegea. Kibadili gia cha nyuma kikigonga jiwe kinapinda kidogo. Gia za kubofya zikikutana na hayo zinaanza kuruka. Hii unazungusha kipete, unaendelea kupanda mlima wa kwenda Kibosho. Mkono wa kushoto wenyewe uko huru siku zote, kwa hiyo cheni ikisugua mbele unausogeza kiduchu tu, kelele inakwisha.

Kasoro ipo: ukiteremka kwenye mawe, kubadili gia kunakulazimu ulegeze mshiko, na mimi huko huchagua gia mapema. Pia bano lake ni la milimita 22.2, usiifunge kwenye usukani mnene.

Ukinunua, mwombe muuzaji video akizungusha kipete, kisha auachie mkono katikati ya safari yake ukiwa huru. Ukirudi wenyewe, usinunue. Chukua ya kulia na kushoto pamoja, maana kuoanisha baadaye ni gharama. Bei ikikushinda, tazama Deore za daraja la chini za miaka hiyohiyo. Nyingi nazo zinafungulika kuwa huru, na wauzaji hawazing'ang'anii sana.