Kabla Hujalaumu Breki Shuu, Nusa Kwanza

Mambo vipi ndugu zangu, karibuni tena gereji. Hii hapa mezani ni seti ya breki shuu za nyuma za Hilux, ile ya dizeli ya miaka ya 90 yenye drami nyuma, lile bakuli la chuma ambalo shuu hulibana kwa ndani. Mwenye gari kaja amenuna: "Fundi, shuu feki hizi, miezi miwili tu na gurudumu la kushoto halishiki." Na hiyo ni seti ya pili.

Dogo, sogeza kamera. Mnaona? Laini, yaani ile bitana ya kushikia, bado nene, gundi haijaachia popote. Ila ya kushoto imelowa, inang'aa kama kikaango cha maandazi. Shuu ikishakunywa mafuta namna hii, msasa na petroli haviiokoi. Tupa, na za kulia badilisha pia, la sivyo breki zitavuta upande mmoja.

Sasa mafuta yametoka wapi? Ndani ya drami yanaweza kuingia ya breki, kutoka kwenye silinda ndogo, au oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, iliyopita kwenye sili ya ekseli, ile pete inayozuia oili isitoke. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji. Ya breki, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa, yanayeyuka humo. Oili ya difu inaelea. Halafu nusa: ina salfa ndani yake, inanuka kama yai viza. Hii yetu... aisee! Inaelea, na harufu yake mpaka machozi.

Basi ni sili. Lakini usipachike sili mpya ukanawa mikono! Juu ya hausingi, ganda la chuma la ekseli, kuna kipumulio, kidude ambacho wengi wanakifuta tope miaka yote bila kujua kazi yake. Kikiziba, difu ikipata moto hewa inatanuka, inakosa pa kutokea, inaisukuma oili kwenye sili. Hiki hapa nimekitoa. Udongo mtupu, kama kimefinyangwa.

Beringi nayo. Weka vizuizi matairi ya mbele, piga jeki nyuma, shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likicheza, au ukilizungusha likakwaruza, beringi imekwisha, na sili yoyote utakayoweka itaharibika tena. Kwenye Hilux hii beringi imeshindiliwa kwenye ekseli kwa presi. Akija fundi na nyundo na tindo, mwambie asante, rudi nyumbani. Beringi ikiachia ukiwa mwendoni, gurudumu linachomoka na ekseli yake, na breki za upande huo zinaondoka nalo.

Shuu zenyewe nazipa 7 kwa 10. Zinashika vizuri, vumbi tu ni jingi, na vumbi hilo msilipulize kwa kompresa, lifuteni kwa kitambaa kibichi.

Sili nimeweka, kipumulio kipya, beringi ilikuwa nzima. Ekseli haitoki mpaka ufungue bomba la breki, kwa hiyo sasa tunatoa upepo ulioingia kwenye breki. Dogo, ingia ndani. Kanyaga... kanyaga... shikilia hapo hapo. Usiachie mpaka nikwambie.