Injini ya Volkswagen kwenye ndege ya kujijengea: maoni yangu baada ya saa 61 angani

Injini hii ilinijia katika makasha matatu, ikiwa vipande: ganda la magnesiamu, kranki (mhimili mkuu unaozungusha propela), kamshafti (mhimili unaofungua valvu), silinda nne na pistoni zake, hedi mbili (vifuniko vya silinda), kabureta, magneto (ya kutoa cheche), na mifuko chungu nzima ya nati na washa. Ni ile ile ya zile Volkswagen za mgongo wa kobe, ila imepanuliwa hadi sentimita za ujazo 2,180, tundu la silinda likiwa milimita 92 na mwendo wa pistoni milimita 82. Niliiunganisha mwenyewe kwa miezi saba, nikaifunga kwenye ndege yangu ya alumini ya viti viwili, na sasa nimeruka nayo saa 61. Naipenda. Muuzaji wake simsifu kwa kiwango hicho hicho, nanyi mtaona kwa nini.

Kwanza niseme kwa nini wajenzi wa ndege ndogo wameing'ang'ania injini ya gari miaka yote hii. Ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na inapozwa kwa hewa, mpangilio ule ule wa injini za ndege ndogo za zamani kama Continental A65. Haina rejeta wala bomba la maji la kupasuka. Ndiyo maana Jodel D9, kindege cha mbao cha kiti kimoja kilichoruka mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1948, kilikuja kufungwa injini hii na wajenzi wengi sana, na baada yake zikafuata ndege nyingine nyingi za kujijengea. Vipuri vyake vinafahamika, na fundi wa magari aliyewahi kuifungua hapotei.

Lakini kwenye gari injini hii hufanya kazi ngumu kwa dakika chache tu, ukipanda kilima au ukipita lori, halafu inapumzika. Kwenye ndege unaitaka itoe robo tatu ya nguvu zake saa nzima bila kupumzika. Tena kwenye gari ina feni kubwa inayosukuma hewa kwenye mapezi ya silinda, yale mabati membamba ya kutoa joto. Sisi feni tunaing'oa. Kinachobaki ni hewa inayoingia kwa mbele ya boneti, na kazi ya kuipeleka panapotakiwa ni yako wewe mjenzi. Mengi ya matatizo ya injini hii yanaanzia hapo.

Nianze na kuunganisha. Kazi iliyonikosesha usingizi ni ile ya kuvalisha kitovu cha propela. Kitovu hakifungwi kwa kabari. Tundu lake ni dogo kidogo kuliko ncha ya kranki, kwa hiyo unakipasha moto kwenye oveni mpaka kitanuke, unakidondosha mahali pake, na kikipoa kinaibana kranki kwa nguvu ambayo mkono hauwezi kuishinda. Nafasi unayoipata ni moja. Kikikwama nusu njia, umepoteza kitovu, pengine na kranki.

Nilifanya mazoezi mara tisa na kitovu kikiwa baridi, bila kukisukuma, ili mikono izoee njia. Kranki niliisimamisha wima kwenye fremu ya mbao. Mwanangu ndiye aliyefungua mlango wa oveni, mimi nikiwa nimevaa glovu za mchomeleaji. Nilihesabu hatua nne kutoka oveni hadi mezani. Kitovu kilishuka chenyewe kwa uzito wake, kikagota kwa mlio mfupi wa chuma juu ya chuma. "Baba, imekaa?" Nilishindwa kumjibu mpaka nilipopitisha geji ya unene pande zote na kukuta haipenyi popote. Kwa kazi hii namsifu muuzaji bila kinyongo: kitovu kilichongwa vizuri mno, na nilipokizungusha chini ya geji ya saa (ile yenye sindano) hakikuyumba hata kwa kiasi cha kutia shaka.

Sasa malalamiko. Kranki hii inatakiwa icheze mbele na nyuma kati ya milimita 0.07 na 0.13, basi. Mchezo huo unapangwa kwa shimu tatu, yaani pete nyembamba, zinazokaa nyuma ya flaiwili, gurudumu zito lililo mwisho wa kranki. Kwa kawaida unafunga flaiwili na shimu mbili, unapima mchezo, kisha unachagua ya tatu yenye unene wa kuziba nafasi iliyozidi. Ili uchague, lazima uwe na za kuchagulia. Mimi nililetewa tatu, zote za unene mmoja, na nilipozifunga geji ilisoma 0.22. Niliandika barua pepe nne. Jibu la kwanza lilisema vipimo hivyo "kwa kawaida vinakubali". Havikubali. Propela inaivuta kranki kwenda mbele muda wote wa safari, na mchezo ukizidi, kila unapoongeza na kupunguza mafuta kranki inagongagonga beringi yake. Baada ya wiki sita nililetewa pakiti ya shimu za unene mbalimbali, ambayo ilipaswa kuwa ndani ya kasha tangu siku ya kwanza. Nilimaliza na 0.10.

Mwongozo nao una kasoro. Sehemu ya kuunganisha ganda na silinda imeandikwa kwa uangalifu: mpangilio wa kukaza nati upo, nguvu ya kukaza ipo, na kwa studi za milimita 8 za hedi inasema nyutoni-mita 25, kipimo nilichokikuta pia kwenye vitabu vya mafundi wa magari. Inakumbusha vilevile kukaza upya injini ikiwa baridi baada ya kuwashwa mara ya kwanza, maana hedi za alumini hutanuka kuliko studi za chuma na zikipoa nati huwa zimelegea. Lakini ukifika kwenye mabati ya kuelekeza hewa, jambo linaloamua injini iishi au iungue, unakuta ukurasa mmoja na picha mbili zenye giza.

Huo ukurasa mmoja ulinigharimu. Safari ya kwanza, dakika ya nne ya kupanda, geji ya silinda namba 3 ilifika nyuzi 225 za selsiasi huku nyingine tatu ziko chini ya 200. Nilishusha pua, nikapunguza mafuta, nikarudi kutua. Ukiifunga propela upande wa puli (ule ambao kwenye gari hubeba mkanda wa feni), namba 3 inakuwa nyuma, upande wa kulia wa rubani, mbali na hewa inakoingilia. Nilipofungua boneti niliona ukanda wa mpira unaoziba mwanya kati ya bati na boneti umelala kuelekea nyuma. Nilikuwa nimeufunga hivyo mwenyewe. Ukanda huo lazima uinamie upande wa hewa yenye shinikizo, ili hewa ikija iusukume ugande kwenye boneti. Ukiinamia upande mwingine, hewa inaufungua kama mlango na kupita juu, silinda haipati kitu. Sentensi moja kwenye mwongozo ingetosha kuniambia.

Niligeuza ukanda wote. Pia nilirudisha vibati vidogo vinavyokaa chini, katikati ya silinda, ambavyo wengi huvitupa wakidhani ni vya gari tu. Kazi ya vibati hivyo ni kuibana hewa ipite ndani ya mapezi, kwani bila hivyo inashuka pembeni ikiwa bado baridi, haijachukua joto lolote. Sasa nikipanda, namba 3 inasimama kwenye 190, na nikinyoosha safari inashuka hadi 175.

Kuhusu nguvu. Tangazo linasema nguvu farasi 80 kwa mizunguko 3,400 kwa dakika. Sibishani na namba hiyo, ila tuielewe. Ile Continental A65 hutoa 65 kwa mizunguko 2,300 tu, kwa sababu ujazo wake ni karibu lita 2.8. Yetu ni ndogo, lazima izunguke kasi, na haina giaboksi, kwa hiyo propela inazunguka kasi hiyo hiyo. Piga hesabu: propela ya sentimita 137 kwa mizunguko 3,400, ncha yake inakwenda kama mita 244 kwa sekunde. Weka ya sentimita 180, ncha inafika mita 320, inaukaribia mwendo wa sauti, na nguvu yote inaishia kwenye kelele. Ndiyo maana lazima utumie propela fupi, na propela fupi inapenda ndege nyembamba inayokata hewa kwa urahisi. Rotax 912, injini nyingine ya ndege ndogo, ya nguvu farasi 100 ina giaboksi ya uwiano wa 2.43, hivyo injini ikiwa kwenye 5,800 propela inazunguka chini kidogo ya 2,400, na inaweza kuwa ndefu. Kama ndege yako ni ya mabawa manene, ya kurukia viwanja vifupi na kwenda taratibu, usinunue hii ya kwangu. Itakuchosha na utailaumu bure.

Matunzo ni ya mara kwa mara, na mimi sioni ubaya. Kila saa 25 napima nafasi za valvu, na kila mara nakuta moja au mbili zimesogea. Valvu ya ekzosi ikianza kubana kila ukipima, hiyo inakuambia inarefuka au kiti chake kinazama, usiifumbie macho. Oili nayo naibadilisha mapema, maana injini ya asili hubeba lita 2.5 tu na ilikuwa na wavu badala ya filta. Mimi niliongeza filta na kipozea oili.

Jambo moja la mwisho kwa rubani aliyezoea injini za ndege za Lycoming au Continental: propela ikiwa upande wa puli, ukiitazama kutoka kitini inazunguka kinyume cha saa. Ndege itavuta kulia wakati wa kuruka, na mguu unaotakiwa ni wa kushoto. Siku tatu kabla ya safari ya kwanza nilikaa ndani ya ndege, injini imezimwa, mkono kwenye mafuta, nikisukuma mkono na mguu wa kushoto pamoja mpaka mwili ukaacha kuuliza.