Programu iliyomtangaza marehemu baada ya kuzikwa: uzoefu wangu studioni Kisumu

Nimetumia programu hii ya kuendesha redio kwa miaka kadhaa hapa Kisumu, na wenzangu wa stesheni nyingine nimewahimiza mara nyingi waichukue. Sasa nawaambia wasubiri. Jina lake sitalitaja. Wanaoitumia wataijua kwa ule waraka wa maboresho tuliotumiwa wateja wote majuzi, ulioweka sauti ya kompyuta juu kabisa ya orodha.

Kazi yangu ni matangazo. Mteja akifika mapokezini na karatasi yake, mimi ndiye ninayeirekodi, kuiingiza na kuipangia saa. Na huku kwetu tangazo linaloleta watu wengi zaidi si la duka wala la mkopo, ni la kifo. Familia hutoka Maseno, Ahero, Luanda, hata Busia. Wanalipia lisomwe baada ya habari za saa saba mchana, maana saa hiyo hata aliyekuwa shambani amerudi nyumbani. Majina huwa mengi: wazazi, ndugu, wakwe, wajukuu. Ukiruka jina la mkwe mmoja tu, simu inalia kabla hujafika mwisho wa karatasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, msimu wa mvua kubwa. Radi ikapiga, stima ikapotea, na UPS yetu iliyochoka, ile ya kushikilia kompyuta stima ikikatika, ikashindwa kuisubiri jenereta. Baada ya muda kompyuta ikawaka yenyewe, programu ikafunguka yenyewe, muziki ukaendelea. Tukashusha pumzi. Mtangazaji wa mchana alikuwa amekwama na mvua Nyamasaria, kwa hiyo mashine ndiyo iliyokuwa inaongoza kipindi. Mimi nilikuwa mezani naandika ankara, spika ya ofisini nimeipunguza. Hilo nalibeba mwenyewe.

Habari za saa saba zilipita vizuri, tena zilikuwa za siku hiyo, kwa sababu faili la habari tunalibadilisha kila mara kwa jina lilelile. Kilichofuata ndicho ambacho sikukisikia.

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja, leso kichwani, viatu vimejaa matope. Alikuwa ameshika risiti yetu, ile niliyomwandikia mwanawe mkubwa juma lililotangulia. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Akaniambia, "Mwanangu, tulimzika Ijumaa. Jana nyinyi mmemfukua."

Alikuwa anaosha sufuria, redio iko dirishani, akasikia jina la kijana wake likisomwa, kwamba mwili utatoka mochari kesho Alhamisi. Sauti ilikuwa yangu. Sufuria alizoosha ni zile walizoazima kwa majirani kwa ajili ya matanga, alikuwa anajiandaa kuzirudisha. Na jioni hiyohiyo binamu yao, mvuvi wa upande wa Usenge ambaye hakuwa amepata habari kabisa, alifika na jogoo mkononi na mchango aliokusanya kwa wavuvi wenzake, akidhani amewahi. Alikuta kaburi limeshaanza kukauka.

Nikamwomba msamaha. Nikamwuliza kama anataka tusome samahani hewani saa saba. Akasema, "Hapana. Msimtaje tena."

Alipotoka nilipiga simu ya usaidizi ya wenye programu. Kijana aliyepokea hakuniuliza hata tunatumia toleo gani. "Madam, programu inafuata saa ya kompyuta. Nunueni betri." Nikamweleza habari ya yule mama. Akasema, "Sasa mimi nifanye nini?" Akakata simu.

Kuhusu betri alikuwa na haki, nami sitaficha. Fundi wetu alifungua kompyuta akatoa kile kibetri cha CR2032, cha mviringo kama sarafu, kilichokaa kwenye bodi tangu tuinunue. Kikiisha nguvu, kompyuta ikikosa stima inasahau tarehe. Yetu ilirudi Januari 2015. Kwa kawaida ingepata saa sahihi kutoka kwenye intaneti, lakini ruta nayo ilikuwa imezimika na huchelewa kuamka, wakati programu imepangwa ianze mara tu kompyuta inapowaka. Ikatafuta orodha ya nyimbo na matangazo ya siku hiyo ya Januari 2015, haikuipata, ikachukua orodha ya akiba. Ya akiba niliihifadhi Jumatano iliyotangulia.

Tangazo lile lilikuwa na tarehe ya mwisho. Niliiandika mwenyewe na ninayo picha ya skrini. Lakini mashine iliyoamini kwamba iko 2015 iliona tarehe hiyo iko miaka mingi mbele. Kwa hesabu yake yule kijana alikuwa hajafa.

Hasira yangu iko hapa, na betri haihusiki. Programu hiihii huandika kila kitu kinachopita hewani, kwa saa, dakika na sekunde, ili tuwathibitishie wateja. Kumbukumbu hiyo iko kwenye diski ileile. Inajua wimbo wa mwisho ulipita lini kabla ya stima kupotea. Ikiamka ikakuta saa imerudi nyuma kuliko kumbukumbu yake yenyewe, inashindwa nini kusimamisha matangazo yote na kucheza nyimbo tu mpaka mtu aje aiangalie? Tena saa hiyohiyo ndiyo inayozuia mambo ya watu wazima yasipite kabla ya saa nne usiku, kama kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinavyotaka. Ikidanganywa, inadanganyika kwa yote.

Nimeusoma waraka wao wa maboresho mara nyingi mno. Kuna kusawazisha sauti kwa LUFS, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, na hilo nalitaka kwa moyo wote, maana ni aibu tangazo la kamari kupiga kelele mara tu baada ya tanzia. Kuna kuendesha studio kwa simu, sawa. Kuna rangi za usiku. Na kuna hiyo sauti ya kompyuta itakayosoma matangazo. Itasoma majina ya wakwe wa Butere na Ugenya? Anayesikiliza ni mtu aliyefiwa.

Baada ya barua pepe yangu ya tatu alinipigia mtu mwingine, aliyesema yeye ndiye anayeandika programu yenyewe. Alianza kwa kusema pole kwa yule mama. Akaniuliza tarehe ya mwanzo ya tangazo niliiacha wazi? Niliiacha. Akanieleza kwamba ningeijaza, lisingesomwa kabla ya tarehe hiyo. Sasa naijaza kila mara. Akaahidi kukagua saa kutaingia kwenye mpango. Usiku ule nilipandisha nyota nilizoipa programu hii hadi tatu, na nilikuwa karibu kutoa nne.

Kisha ikaja orodha mpya ya maboresho. Kukagua saa kumewekwa kwenye "yatakayofikiriwa", chini ya rangi za usiku.

Mwenzangu wa Kakamega anatumia Rivendell, ile ya bure inayokaa kwenye Linux, na ananivuta niende huko. Nimekataa mara mbili. Hii yetu vidole vyangu vimeizoea, na siku stima ikiwa salama sijaona iliyo nyepesi kuliko hii. Pesa za kuhuisha leseni ziko tayari. Sijazituma.

Betri ni mpya, ruta imepata UPS yake. Na kila Jumamosi jioni nakaa na daftari langu, natafuta mafaili ya waliozikwa wiki hiyo, nayafuta kwa mkono, moja moja, kisha nafungua ile orodha ya akiba kuhakikisha hakuna jina lililobaki. Mpaka watakaponiondolea kazi hiyo, nyota ni moja.