Nimepanda Kili (mlima Kilimanjaro) kwa pakeji ya wabongo: gaidi nyota tano, meza ya chakula nyota moja

Wadau mlionijazia meseji toka nipost picha ya kileleni, mkiuliza nilienda na nani, bei gani, na kama ni kweli mbongo anapandishwa mlima kama mgeni, haya leo nimekaa naandika yote mara moja. Jina la kampuni siweki maana bado tunadaiana, jueni tu ofisi yao iko Moshi mjini.

Mi ni mfamasia, nipo Dodoma, miaka 36, mwili wa kawaida wa kula chipsi. Mlima mrefu niliowahi kupanda kabla ya hapo ni ngazi za jengo letu lifti ikifa. Pakeji ilikuwa laki tisa na themanini, njia ya Marangu, siku sita, ndani yake kuna kiingilio, vibanda vya kulala, chakula, gaidi na wagumu. (Gaidi huku ndo muongoza watalii, msije mkapiga simu polisi. Na wagumu ndo wapagazi, wanajiita wenyewe hivo na ukiwaona utajua kwa nini.) Bei ya wabongo ni ndogo kwa sababu hata hifadhi yenyewe inatupendelea, mgeni wa nje analipa dola 70 kwa siku kiingilio peke yake, sisi ni kama elfu kumi na kitu. Kwa hiyo serikali imeshafungua mlango, shida ni huku kwa wanaotupokea.

Tuanze na vifaa. Stoo ya kukodisha ina jaketi nzuri, slipingi begi nzito, tochi za kichwa zinawaka, sina neno. Buti sasa. Mguu wangu ni 38, buti ndogo kuliko zote mle ndani ilikuwa 41. Nikamuuliza kijana wa stoo, kaka wanawake mnawavalisha nini, akanijibu bila hata kuona aibu, "dada, wanawake wanaokuja hapa wengi ni wazungu na wanakuja na buti zao". Yaani katika hesabu zao mwanamke wa kibongo anayekodi buti hayupo. Nikavaa soksi mbili, ya pamba na ya sufi, nikaacha depoziti elfu hamsini (kumbukeni hiyo elfu hamsini). Kucha mbili za vidole gumba zimekuwa nyeusi mpaka leo naandika.

Kundi letu lilikuwa la kuunganishwa, watu sita. Mume na mke kutoka Uholanzi, Mmarekani mmoja mweusi wa Atlanta, mimi, kaka mmoja wa benki kutoka Dar na dada mmoja mwalimu wa sekondari kutoka Singida. Kufika geti la Marangu kuna foleni ya kujiandikisha, mi nimevaa jaketi la kukodi lenye nembo ya kampuni, kijana mmoja akanionyesha kidole kule kwenye mizani, "wagumu upande ule, mama". Nikamwambia mi ni mteja. Akacheka, akadhani natania! Nyuma yangu yule Mmarekani naye akaelekezwa huko huko, amebeba begi ambalo naamini linaweza kununua bodaboda, yeye anatabasamu tu maana hajaelewa, akatoa "I'm sorry?" moja, kijana akanyooka kama mwanafunzi aliyemwona hedimasta, samahani nyingi, karibu sana sir. Mimi niliyeongea Kiswahili safi ndo nikaambiwa nitoe risiti.

Sasa jioni tuko Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda vya kulala, namsikia mgumu mmoja anamwambia mwenzie peleka maji ya kunawa kwa yule mzungu, nachungulia, mzungu mwenyewe ndo huyo wa Atlanta, mweusi kunishinda mimi. Nikacheka nikamtafsiria, naye akacheka mpaka akakohoa, akasema kwao akipanda milima watu wanamwangalia kama amepotea njia, af huku kapandishwa cheo kawa mzungu. Ndo aliyetuhadithia habari za ile timu ya weusi watupu waliofika Everest Mei 2022, na humo ndani alikuwemo Mkenya, James Kagambi, mwalimu mwenye miaka sitini na ushee, Mkenya wa kwanza kufika kule juu. Chifu gaidi wetu naye hakukubali kushindwa, akamwambia sisi wetu Wilfred Moshi amefika 2012, gaidi wa huku huku Kilimanjaro, na 2021 akafika Rawan Dakik, binti wa Arusha. Mzee alivyotaja hilo la binti alimgeukia asisteni wake kabisa.

Huyo asisteni ndo sababu ya mimi kuandika. Dada wa miaka 29, wa Rombo, mfupi, sauti ya chini. Alianza kama mgumu miaka sita iliyopita. Anasema safari ya kwanza wanaume walibishana nani alale naye chumba kimoja, ikabidi alale jikoni pembeni ya majiko mpaka mpishi, baba mtu mzima, akasema huyu ni mwanangu, anayeona tabu alale nje yeye. Kilo zile zile 20 ambazo ndo mwisho wa mzigo wa mgeni kwa mpagazi, akazibeba kichwani, af nyumbani bado shangazi zake wanamuuliza utaolewa na nani ukizoea kulala porini na wanaume. Akapiga kozi, akapata leseni, sasa anaongoza.

Kazi yake niielezeje. Siku ya tatu tuko Horombo, kituo cha pili, mita 3,720, siku ya kuzoea hewa, tunapanda mpaka kwenye yale mawe yenye mistari ya pundamilia tunarudi, mwili wangu ukaamua kuniletea siku zangu wiki moja kabla ya tarehe. Mi mfamasia nimebeba dawa za kila kitu isipokuwa hicho. Sikusema neno, aliniona tu navyotembea, akaachia kundi litangulie, akafungua begi lake akatoa pedi zimefungwa kwenye kipande cha khanga, mfuko mweusi wa kuwekea taka, akageuka akasimama ananikinga na upepo na macho ya watu. Halafu akaniambia kuanzia leo tutasimama kila saa moja, mi ndo nitasema nimechoka, wewe nyamaza. Na kweli kila saa moja anawaambia wanaume "nimechoka kidogo jamani", na yeye hajachoka hata chembe. Gaidi mwanaume angeweza? Labda, wapo wastaarabu. Ila nisingemwambia, ningekaza mpaka niumwe.

Haya tuje kwenye meza. Ukumbi wa kulia Horombo ni mmoja, makundi yote mnakaa humo. Jioni weita anatandika kitambaa chekundu kwa wale watatu, anaweka bisi za moto, Milo, kahawa, biskuti, supu inakuja kwenye bakuli kubwa. Sisi wabongo watatu tukaonyeshwa meza ya pembeni, mbao tupu, chupa ya chai ya rangi na mkate. Kundi moja, gaidi mmoja, mpishi mmoja, tumetembea wote toka asubuhi! Nikauliza, weita akaangalia chini akasema "dada yangu, ofisini wametuandikia menyu mbili". Sio kosa lake na nilimwonea huruma. Baada ya dakika kumi akapita na sahani ameifunika kwa taulo ya jikoni, akaiweka katikati yetu haraka kama anaficha gongo. Bisi. Waholanzi walipoona wakabeba kitambaa na vikombe vyao wakaja kukaa kwetu, tukawa sita meza ya wanne, na toka siku hiyo hakukuwa na meza mbili tena. Lakini hilo ni sisi tulirekebisha, kampuni haikufanya kitu. Kama bei ya laki tisa haitoshi bisi niambieni niongeze elfu tano, msinitenge ukumbini mbele ya watu.

Ila na sisi tusijitoe. Yule kaka wa benki njia nzima ni "we dogo, leta maji", "we dogo, nishikie hii", anamwambia mgumu ambaye mvi zimeshamtoka, baba wa watu. Wale Waholanzi walijua majina ya wagumu wote kufika siku ya pili, yeye hadi tunashuka hajui hata moja. Na tipu ikawa kimbembe. Wageni walipewa bahasha na maelekezo, sisi tukaambiwa mtoe mtakachojaliwa, kaka akatoa elfu kumi kwa watu kumi na saba. Wagumu waliniambia wazi, wakipangiwa kundi la wabongo wanasononeka, maana mshahara wenyewe wa siku, pale inapolipwa ile elfu ishirini inayopigiwa debe kama kima cha chini, bila tipu haufiki mbali. Kwa hiyo tukilalamika tunadharauliwa, tujiangalie na mikono yetu.

Usiku wa samiti (wa kupanda kileleni) nauandika kwa kifupi maana nusu yake sikumbuki. Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, hakuna maji, wagumu wanayabeba kutoka chini, kwa hiyo ukipewa chai kule inywe kwa adabu. Tulitoka saa sita usiku. Mholanzi mume, yule aliyetuhadithia Alps njia nzima, mlima ulimshika pale pango la Hans Meyer, akatapika, akateremshwa. Kaka wa benki aliishia Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, akalia, nami nikalia, sijui tulikuwa tunalilia nini. Wanne tukafika Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, saa moja na dakika hamsini asubuhi. Kamba ya buti langu la 41 ilifunguka hatua chache kabla ya kibao na vidole vyangu havikuwa vinasikia amri, yule dada akavua glavu akapiga goti kwenye barafu akaifunga, mara mbili, akasema "twende mwalimu wa dawa, picha haijipigi".

Tunashuka, pale getini chifu gaidi akatuonyesha kumbukumbu ya Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni 1889 tuliyekaririshwa shuleni, halafu akatuvuta kwenye ya wenyeji, akamtaja Mzee Yohani Lauwo wa Marangu anayesemwa alimwongoza Meyer na aliyefariki 1996 akiwa mzee kupindukia. Mwalimu wa Singida akatoa daftari akaandika, anasema kidato cha pili wake watalisikia hilo Jumatatu.

Basi hukumu yangu. Magaidi tano kwa tano. Mpishi nne, mtori wake ni balaa ila chumvi mkono mzito. Vifaa mbili, ofisi moja. Ukienda na kampuni yoyote uliza mapema mambo matatu: saizi za buti, kama menyu ni moja, na kama wana gaidi mwanamke, na akiwepo mtaje kwenye malipo kabisa wasikubadilishie. Tipu weka bajeti kabla hujatoka nyumbani, usitegemee huruma ya siku ya mwisho.

Nyongeza: mwenye kampuni kanipigia baada ya kusikia nalalamika, kaongea vizuri, kasema menyu mbili wamezifuta na wameagiza buti za 37 mpaka 40. Tutaona. Depoziti yangu elfu hamsini anasema mhasibu kasafiri.