Paipu za Breki kwa Gari la Zamani: Ipi Ununue Kabla ya Kuteremka Kitonga

Anayefufua Land Rover ya zamani au Volkswagen ya mgongo wa kobe huku nyanda za juu kwa kawaida huanza na rangi na viti. Paipu za breki hukumbukwa fundi anapofungua nati na paipu inajinyonga nayo hadi inakatika. Ikifika hapo usiombe kuungiwa kipande. Zilizobaki zina umri uleule na zimelala kwenye matope yaleyale. Badilisha zote.

Ya kwanza kwangu, tena kwa mbali, ni paipu ya shaba na nikeli: shaba takriban asilimia 90, nikeli 10. Volvo walianza kuifunga kwenye magari yao miaka ya 1970. Kwa mvua za Tukuyu na matope ya Makete faida yake inaonekana upesi, maana haili kutu. Pia ni laini, inakunjika kwa mkono kufuata chesesi, na mdomo wake, yaani ncha inayobanwa na nati, unatanuka bila kupasuka hata kwa mashine ndogo ya mkono. Kipimo cha kawaida ni inchi 3/16, yaani milimita 4.75, koili ya futi 25 ni kama mita 7.6, na gari dogo halihitaji zaidi sana ya hapo.

Dukani Mwanjelwa au kwingineko, nenda na sumaku. Shaba-nikeli haishikwi na sumaku, na rangi yake imepauka, kati ya shaba na fedha. Ukiona wekundu mkali kama paipu ya friji, hiyo ni shaba tupu. Irudishe. Mtikisiko wa barabara huikomaza polepole, halafu inapasuka, mara nyingi karibu na nati.

Ya pili ni chuma chenye ganda la zinki au plastiki. Ndiyo iliyotoka na magari mengi kiwandani, kwa hiyo anayetaka gari libaki la asili ana haki ya kuichagua. Ni imara na ni rahisi kupatikana. Tatizo ni mkwaruzo: spana ikiteleza na kuchuna ganda, kutu imepata mlango.

Stenlesi naiweka ya tatu, najua wapo watakaonuna. Inang'aa vizuri kwenye picha, lakini ni ngumu. Mdomo uliotengenezwa kwa mashine ya mkono haukai sawasawa na nati inavuja. Kama lazima, nunua zilizokwisha kutanuliwa kiwandani kwa ajili ya gari lako. Paipu za skrepa hazipo kwenye orodha.

Nati ndizo zinazowaangusha wengi. Land Rover nyingi za zamani zina nati ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi. Toyota na Volkswagen hutumia M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, yenye nyuzi zilizoachana milimita 1. Inchi 3/8 ni milimita 9.5, kwa hiyo nati hiyo inaweza kuingia kwenye tundu la M10 na kudanganya kwamba imekaza, huku imeshika kidogo tu. Midomo nayo ni ya aina mbili: uliokunjwa mara mbili kwa ndani, na uliovimba kama kichwa cha uyoga. Haibadilishani. Beba paipu ya zamani na nati yake hadi dukani, ulinganishe hapohapo kaunta.

Kata kwa kikata paipu cha gurudumu. Msumeno huacha unga wa chuma ndani. Vesha nati kabla ya kutanua mdomo, kisha puliza paipu kwa upepo. Inapotoboa bodi weka mpira, na ibanwe kwa klipu isicheze. Shaba-nikeli usiipake rangi, haina haja. Ya chuma ikichunika iguse rangi pale tu, na mafuta ya breki yakidondokea rangi hiyo mwagia maji mara moja, yanaila.

Mafuta yawe mapya, kutoka chupa isiyowahi kufunguliwa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 230 za Selsiasi, ila yakishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na mteremko wa Kitonga unapasha breki kwelikweli. Mkishatoa upepo uliobaki ndani ya breki, mtu mmoja akanyage pedali kwa nguvu aishikilie, mwingine apitishe tishu kavu kwenye kila nati kuona kama inavuja, moja baada ya nyingine, hadi gurudumu la mwisho.